Kupanga Shoti na Kuchora Storibodi kwa Filamu Fupi ya Mwanafunzi, Bagamoyo: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya ni ya wanafunzi wanaotengeneza filamu zao za kwanza Bagamoyo. Yanaanza na ya mwanzo kabisa, yanaishia na yale yanayozuka ukiwa tayari ufukweni na kamera mkononi.

Ili majibu yasielee hewani, mengi yanatumia filamu moja ya mfano, ya dakika tano. Mama fundi nguo ameshindwa kulipa deni. Binti yake anapewa kazi ya kuipeleka cherehani ya nyumbani kwa mkokoteni, kutoka Mji Mkongwe wa Bagamoyo hadi ufukweni, ambako jahazi linasubiri kuipakia kwenda Unguja. Mdogo wake anamfuata nyuma, na mfukoni ameficha bobini, kile kigurudumu kidogo cha uzi cha cherehani hiyo. Wakifika kwenye maji, binti lazima aamue: aiachie cherehani, au ageuze mkokoteni.

## Mwanzo kabisa

1. Storibodi ni nini hasa, na ina tofauti gani na orodha ya shoti?

Storibodi ni mfululizo wa michoro inayoonyesha filamu shoti kwa shoti, yaani kila kipande cha picha kisichokatwa. Chini ya kila fremu kuna maelezo mafupi: nani anafanya nini, kamera inafanya nini, kinasikika nini. Utaratibu wa kubandika michoro ukutani kwa mpangilio wa hadithi ulishika mizizi katika studio ya Walt Disney, Marekani, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ulikuwa wa katuni, baadaye watu wa filamu za waigizaji nao wakauchukua.

Orodha ya shoti ni maneno kwenye jedwali: namba ya sini (tukio la mahali na wakati mmoja), namba ya shoti, ukubwa wa picha, engo (kamera inatazama kutoka upande gani), mahali, nani yumo, kifaa gani kinahitajika. Storibodi inamjibu mpiga picha anayeuliza itaonekanaje. Orodha inamjibu msaidizi wa mwongozaji anayeuliza tunaanza na ipi.

Kuna kitu cha tatu ambacho wengi hukiruka: ramani ya juu. Huo ni mchoro wa chumba au uwanja kama unavyoonekana ukiwa darini, wenye alama za waigizaji na za kamera. Mimi naiona ndiyo yenye faida kuliko zote, na ndiyo rahisi kuchora.

2. Filamu yangu ni ya dakika tano tu. Kweli nahitaji storibodi?

Unaihitaji, ila si kwa kila sini. Chora sini zenye mwendo mwingi, sini zisizo na maneno, na sini zinazotegemea kitu usichokiamuru: jua, maji, umati wa watu. Chora pia mwanzo na mwisho wa filamu. Kwa watu wawili waliokaa barazani wakizungumza, ramani ya juu na orodha vinatosha.

Mkiwa ufukweni saa 12:30 asubuhi, na waigizaji, na jahazi ambalo nahodha wake amekubali kuwasubiri kidogo tu, huo si wakati wa kuanza kubishana binti atokee upande gani.

3. Sijui kuchora. Nifanyeje?

Chora hivyo hivyo. Kichwa ni duara, mwili ni mstari. Mambo matatu tu ndiyo yasikosewe: mtu ni mkubwa kiasi gani ndani ya fremu, yuko upande gani, na anaangalia wapi. Piga pia mstari wa upeo wa macho, pale bahari inapokutana na mbingu, kwa sababu ndio unaomwambia mpiga picha kamera iko juu au chini.

Fremu iwe na umbo la picha yako halisi. Kama filamu ni ya 16:9, chora visanduku vya sentimita 8 kwa 4.5. Sita vinaenea vizuri kwenye A4 na nafasi ya maelezo ikabaki. Toa kopi za karatasi hiyo steshenari ukiwa na visanduku vitupu, ujaze kwa penseli. Mshale ulio ndani ya fremu uwe wa mwigizaji, mshale ulio nje ya fremu uwe wa kamera. Mkikubaliana hivyo kikundi kizima, hakuna atakayeuliza.

Njia nyingine ni kwenda mahali penyewe na wenzako wawili, mkapiga picha za simu wakiwa wamesimama pale waigizaji watakaposimama. Kama una kompyuta, programu ya Storyboarder ni ya bure na inafaa kwa kazi hii.

Kupima kama umefaulu ni rahisi. Mpe michoro mtu ambaye hajasoma skripti, umwombe akusimulie. Pale anapokwama ndipo pa kurekebisha.

4. Nianze na kipi kati ya orodha, ramani na michoro?

Anza na skripti na kalamu. Pembeni ya kila sini andika sentensi moja: mtazamaji atatoka hapa akijua nini ambacho hakukijua alipoingia. Kisha nenda mahali mtakaposhuti, chora ramani ya juu ukiwa umesimama hapo hapo. Orodha inafuata, michoro inakuja mwisho. Ukianza na michoro kabla ya kupaona mahali, utachora chumba cha kichwani mwako, chenye ukuta ambao haupo na dirisha lililo upande usiko.

## Kuamua shoti

5. Nitajuaje ni shoti gani zinahitajika?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Anza na mtazamaji, kamera itafuata. Kwa kila sini jiulize mambo mawili: mtazamaji anatakiwa ajue nini, na ajue lini.

Chukua sini ya kwanza ya filamu yetu. Tukifungua na mikono ya mama inafunika cherehani kwa kanga na kufunga fundo, halafu binti akaingia kutoka shule na salamu mdomoni, sisi tunajua kabla yake. Tunamhurumia, tunamsubiri aone. Tukifungua na binti anaingia, anatua begi, anakutana na meza tupu yenye alama nne za miguu ya cherehani kwenye vumbi, anajua wakati ule ule tunaojua sisi. Ukurasa ni ule ule wa skripti, mazungumzo ni yale yale, lakini hizo ni filamu mbili tofauti. Hakuna lenzi itakayokuamulia hilo. Ukishaamua, shoti zinajiandika zenyewe.

Bobini nayo ni hivyo hivyo. Mdogo mtu akiichomoa tukimwona kwa karibu, safari nzima ya kwenda ufukweni inabeba siri. Tukiificha mpaka mwisho, tunapata mshtuko wa sekunde chache, na safari inabaki kuwa matembezi. Mimi ningeionyesha mapema.

Baada ya hapo weka nyota kwenye shoti za lazima, zile ambazo zikikosekana hadithi haisimami. Kwa filamu hii ningeweka nyota tano: fundo la kanga, uso wa binti akiangalia meza, bobini ikiingia mfukoni, mkokoteni mdogo kabisa kwenye mchanga mpana na jahazi kwa mbali, na mkono wa binti kwenye mpini wa mkokoteni mwishoni. Zilizobaki zote ni za kusaidia. Nyota hizi zitakuokoa kwenye ratiba (swali la 16) na siku mambo yatakapoharibika (swali la 18).

6. Picha ya mbali, ya kati, ya karibu: nichague kwa kigezo gani?

Picha ya mbali inasema tuko wapi na mtu ana nafasi gani mbele ya mahali hapo. Ya kati inaonyesha wanachofanya na wanavyosogeleana. Ya karibu inatuingiza kwenye kile mtu anachokificha. Usiimalize ya karibu mapema. Ukimpa kila mtu klozapu tangu dakika ya kwanza, bobini ikifika zamu yake haitakuwa na uzito wowote.

Kuna jambo moja la kwetu la kuangalia kwenye picha ya kati. Mama akivaa kanga, jina la kanga linasomeka, na mtazamaji wa Kiswahili atalisoma kabla hajasikia neno hata moja. Kwa hiyo kanga inachaguliwa mapema pamoja na shoti, na kwenye mchoro unaonyesha maandishi yanaonekana au yameangukia nje ya fremu. Usiache ijichague asubuhi ya kushuti kwenye kamba ya kuanikia nguo.

7. Filamu ya dakika tano inakuwa na shoti ngapi?

Dakika tano ni sekunde 300. Shoti zako zikiwa na wastani wa sekunde 6, unapata 50. Zikiwa za sekunde 10, unapata 30. Filamu ya mwendo wa taratibu kama hii ya cherehani inaweza kukaa kati ya hapo. Usichanganye shoti na mkao wa kamera: kamera ikisimama mahali pamoja inaweza kukupa shoti tatu au nne ambazo mhariri atazikatakata baadaye. Ratiba inahesabu mikao.

8. Mstari wa nyuzi 180 ni nini, na naweza kuuvunja?

Mama amekaa upande mmoja wa cherehani, mdai upande wa pili. Piga mstari wa kufikirika kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine. Kamera zako zote zikibaki upande mmoja wa mstari huo, mama ataangalia kulia kila shoti na mdai ataangalia kushoto, na mtazamaji ataona wanaangaliana. Ukivuka kwenda upande wa pili bila taarifa, wote wawili wataonekana wanaangalia upande mmoja, kana kwamba kuna mtu wa tatu. Mstari huu uchore kwenye ramani ya juu kwa kalamu nyekundu.

Kuvuka kunaruhusika. Vuka na kamera inayotembea ili mtazamaji avuke nawe, au mwigizaji ahame mbele yetu, au katisha kwa shoti ya kitu kisicho na upande, kama sindano ikitazamwa kutoka juu. Ukiwa na sababu ya hadithi, kwa mfano mdai ametaja kiasi cha deni na dunia ya mama imepinduka, vuka waziwazi. Liandike kwenye storibodi ili lionekane ni la makusudi.

9. Mhusika wangu anatembea muda mrefu. Nifanyeje mtazamaji asipotee?

Chagua upande mmoja uwe wa baharini kwa filamu nzima. Kwa mfano wetu, kwenda ufukweni ni kushoto kwenda kulia, kwenye kila shoti, hata kama mtaa halisi unapinda. Akigeuza mkokoteni mwishoni, atatoka kulia kwenda kushoto, na hakuna atakayehitaji kuambiwa kwamba anarudi nyumbani. Uamuzi wote wa filamu unaweza kukaa kwenye mgeuko huo mmoja, ila tu kama hukuuchezea njiani.

Kwa hiyo unaweza kushuti kona ya Mtaa wa India, kisha uchochoro ambao kiukweli uko upande mwingine kabisa wa mji, na ukaziunganisha. Wenyeji wachache watatabasamu. Wengine wote watafuata mkokoteni.

10. Shoti zinapewa namba vipi?

Namba ya sini ikifuatwa na herufi: 3A, 3B, 3C. Ruka herufi I na O kwa kuwa zinafanana na 1 na 0 kwenye kibao cha klapa. Shoti ikifutwa, usiipe shoti nyingine namba yake. Namba hiyo hiyo iwe kwenye storibodi, kwenye orodha, kwenye ramani na kwenye klapa.

## Bagamoyo yenyewe: jua, maji, kuta, sauti, vibali

11. Skripti yangu inasema "jua linazama baharini". Nishuti saa ngapi?

Shoti hiyo hapa haipo. Ufukwe wa Bagamoyo unatazama mashariki, jua linachomoza kutoka baharini na kuzama nyuma ya mji. Badilisha skripti kabla hujachora.

Hali hii ina faida zake. Asubuhi, kamera ikitazama bahari, majahazi na watu wanakuwa vivuli vyeusi kwenye mwanga. Ni picha ya kuvutia, lakini nyuso hazionekani, kwa hiyo usipange mazungumzo muhimu hapo. Alasiri jua liko mgongoni mwa kamera: matanga yanapata rangi, uso wa binti unasomeka, maji yanakuwa na kina. Sini yetu ya uamuzi ningeipanga alasiri kwa sababu hiyo tu.

Jioni ni fupi. Tuko karibu na ikweta, na kutoka jua kuzama hadi giza kuanza kukolea ni kama dakika 20 na ushee. Panga mikao miwili ya kamera kwa muda huo, usithubutu mitano. Mchana wa saa sita, hasa mwanzoni mwa Machi na karibu na tarehe 10 Oktoba, jua linapita utosini kabisa na macho ya waigizaji yanageuka mashimo meusi. Saa hizo ingieni ndani au chini ya paa la baraza.

12. Maji kupwa na kujaa yanaathiri vipi storibodi?

Kuliko kitu kingine chochote. Ufukwe wa hapa una mteremko mdogo sana, kwa hiyo maji yakitoka yanakwenda mbali na kuacha mchanga na tope, na majahazi yanalala ubavu. Yakijaa, yale yale majahazi yanaelea karibu. Ukishuti nusu ya sini maji yakiwa yamejaa na nusu yakiwa yametoka, hakuna uhariri utakaoziunganisha.

Bahari inajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kwa takriban dakika 50. Siku za bamvu, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu, tofauti ya maji katika pwani yetu inapita mita 3. Siku hizo maji hujaa mnamo saa kumi, alasiri na alfajiri, na kupwa mnamo saa nne. Wiki moja baadaye, wakati wa maji mafu, mambo yanageuka: asubuhi ya saa nne au tano ndiyo yamejaa, ila hayapandi sana wala hayatoki mbali. Kwa hiyo hata bila jedwali, mwezi unakupa picha ya jumla. Jedwali la maji litafute hata hivyo, na muulize mvuvi wa hapo, atakwambia mpaka mahali maji yatakapofika.

Sasa turudi kwenye mkokoteni. Tunataka mchanga mpana uwe mtupu, binti aonekane mdogo, halafu afike kwenye maji na jahazi. Tunataka pia mwanga wa alasiri (swali la 11). Tukishuti siku ya bamvu, saa kumi maji yamejaa na mchanga umemezwa, shoti yetu ya nyota imekufa. Siku za maji mafu, alasiri ndiyo maji yametoka, ingawa si mbali sana, na tope halijawa la kuzamisha magurudumu. Hizo ndizo siku zetu. Uamuzi huo tumeufanya mezani, wiki mbili kabla, kwa kulinganisha mchoro mmoja na kalenda ya mwezi.

Andika hali ya maji chini ya kila fremu ya ufukweni: yamejaa, nusu, yametoka.

13. Nyumba za Mji Mkongwe ni nzuri lakini ndani ni giza. Nipangeje?

Kuta zake za mawe ya matumbawe na chokaa ni nene, madirisha ni machache. Kamera haiwezi kuona chumba cha giza na mtaa wenye jua kwa pamoja. Chagua kimoja: mtu anaonekana na mlango unakuwa mweupe mtupu, au mtaa unaonekana na mtu anakuwa kivuli. Nenda na simu saa ile ile mtakayoshuti, simama kwenye kila kona, ona kinachotokea, kisha chora kwa penseli sehemu nyeusi na sehemu nyeupe za fremu. Kona ya mita moja kutoka mlangoni, ubavuni, mara nyingi ina mwanga laini unaotosha uso bila taa yoyote. Meza ya cherehani ningeiweka hapo, na mafundi wenyewe huweka za kwao hapo hapo.

Mkiwasha taa za umeme, hapa umeme ni wa 50Hz. Rekodini kwa fremu 25 kwa sekunde na shata (muda kamera inaopokea mwanga kwa kila fremu) ya 1/50 ya sekunde ili picha isipepese.

14. Kwa nini niandike sauti kwenye storibodi?

Kwa sababu ndiyo itakayokuhamisha mahali. Upepo wa kusi katikati ya mwaka na wa kaskazi mwanzoni mwa mwaka unavuma ufukweni kiasi cha kufuta mazungumzo yaliyorekodiwa bila kinga ya maikrofoni. Sini yenye maneno mengi isogeze nyuma ya ukuta, ufukwe ubaki na sini za kimya. Tia pia nyakati za adhana kwenye ratiba. Adhuhuri na alasiri zitawakuta kazini, na adhana ikisikika nusu ya shoti tu, mhariri hataweza kukata popote. Ijumaa mchana msiweke kamera njia ya msikitini.

15. Nahitaji kibali gani?

Utengenezaji wa filamu nchini unasimamiwa na Bodi ya Filamu Tanzania, chini ya Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976. Anza na barua ya utambulisho kutoka chuoni kwako, uulize Bodi utaratibu wa kazi za wanafunzi, kisha ujitambulishe ofisi ya serikali ya mtaa. Maeneo ya malikale, kama Caravanserai (kituo cha kale cha misafara) na magofu ya Kaole, yana wasimamizi wake na ruhusa yake. Kaole kuna misikiti na makaburi ya karne nyingi, kwa hiyo hata ukiwa na kibali, usipange mwigizaji apande wala aketi juu ya kaburi. Droni ina taratibu zake tofauti kupitia Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Kama huna muda wa kuzifuata, futa shoti hiyo sasa, usiiache kwenye storibodi ikisubiri miujiza.

Peleka storibodi unapoomba ruhusa. Mwenye nyumba akiona kwenye mchoro kwamba unahitaji kona moja tu ya ukumbi wake, anakubali haraka kuliko akisikia "tunakuja kushuti filamu".

## Kutoka kwenye mchoro hadi kwenye ratiba

16. Tunaweza kufanya mikao mingapi kwa siku?

Kikundi cha wanafunzi kihesabu nusu saa kwa kila mkao mpya wa kamera, zaidi kama kuna taa. Ukitoa chakula, kuhama na mapumziko, siku nzima inakupa mikao 12 hadi 15. Orodha yako ikiwa na 28 kwa siku moja, hiyo si ratiba. Punguza kwa kuanzia shoti zisizo na nyota (swali la 5).

Usishuti kwa mpangilio wa hadithi. Shuti kwa mahali, kwa mwanga na kwa maji, na ndani ya kila kundi weka zenye nyota kwanza. Ndiyo maana mwendelezo unahitaji mtu wake mmoja: fundo la kanga liko kushoto au kulia, cherehani imeelekea wapi kwenye mkokoteni, mchanga umefika wapi miguuni. Apige picha ya simu kila mwisho wa shoti.

17. Nikishamaliza kuchora, kuna njia ya kuijaribu filamu kabla ya kushuti?

Ipo, na gharama yake ni jioni moja. Piga picha kila mchoro, uziingize kwenye programu yoyote ya kuhariri, hata ya simu, uzipange kwa muda unaokusudia, na usome mazungumzo kwa sauti yako. Hiyo ndiyo animatiki. Itakuonyesha kwamba safari ya mkokoteni uliyodhani ni ya dakika moja inachosha baada ya sekunde 40, na kwamba umesahau shoti ya binti akitoka mlangoni. Waonyeshe wenzako bila kueleza chochote.

## Mambo yanapopinda

18. Tumefika mahali na pamebadilika. Nifuate storibodi au niitupe?

Jahazi limeondoka, mvua ya vuli imeanza, au ni wiki ya tamasha la sanaa na mji umefurika watu. Rudi kwenye sentensi uliyoandika pembeni ya sini (swali la 4). Kama sini ilikuwa ya kutuonyesha kwamba binti yuko peke yake na uamuzi ni wake, jahazi linaweza kuwa sauti tu ya watu wakiitana kutoka nje ya fremu. Shuti zenye nyota kwa namna yoyote inayowezekana, kisha ndipo uangalie zilizobaki. Kama ni nyota yenyewe isiyowezekana, ahirisha sini hiyo na ugeukie ya ndani ya nyumba. Kwa hiyo kila siku ya ufukweni iwe na sini ya ndani iliyo tayari, na mwenye nyumba awe anajua.

19. Mwigizaji anahisi kufanya tofauti na nilivyochora.

Mwache afanye mara moja kwenye mazoezi, kamera ikiwa imezimwa, ukiwa na ramani ya juu mkononi. Mara nyingi mwili wake umegundua kitu: binti hataki kuusukuma mkokoteni, anauvuta, kwa sababu akiuvuta haioni cherehani. Hilo ni bora kuliko mchoro wako. Angalia tu kama linavunja mstari (swali la 8) au mwelekeo wa safari (swali la 9). Kama halivunji, chora upya kwa penseli hapo hapo, mwambie mpiga picha na mtu wa mwendelezo.

20. Nataka safari yote iwe shoti moja ndefu isiyokatwa. Nichoreje?

Chora ramani ya juu yenye njia ya kamera, ukatie namba pale picha inapobadilika: 1 mkokoteni unatoka, 2 mdogo mtu anaingia nyuma, 3 uchochoro unafunguka. Kisha fremu moja kwa kila namba. Tembea njia hiyo ukiwa na saa. Nashauri pia upange shoti moja au mbili za karibu za kukatia, magurudumu au mkono mfukoni, hata kama huna nia ya kuzitumia. Shoti ndefu ikiwa na kosa sekunde ya 50, bila hizo huna filamu.

21. Sini yangu iko kwenye mnada wa soko la samaki. Siwezi kuwachorea watu halisi la kufanya.

Huwezi, na usijaribu kuusimamisha mnada. Chora tu kile unachokiamuru, yaani mwigizaji wako, kamera yako na sehemu mtakayosimama. Nenda siku mbili tatu kabla, bila kamera. Angalia mnadi anasimama wapi, wanunuzi wanazunguka upande gani, samaki wanatupwa chini wapi, vurugu inapoa saa ngapi. Kwenye ramani hayo yanakuwa ya kudumu. Zungumza na viongozi wa soko, na mtu akikataa kurekodiwa, kamera igeuke, hata kama alikuwa katikati ya shoti nzuri. Halafu badala ya storibodi andika orodha ya kuwinda: mkono ukipokea pesa, kisu, uso wa binti akitafuta njia ya kupita. Chukua kila kimoja kinapojitokeza.

22. Naweza kutumia akili mnemba kunichorea storibodi?

Picha zitatoka zikiwa za kupendeza, na hapo ndipo tatizo lilipo. Itakuchorea ufukwe usio wa hapa, jahazi lenye tanga la ajabu na jua linalozama baharini. Kikundi kitaipenda picha ambayo hakiwezi kuipiga. Kama ni lazima, itumie kutafuta hisia ya rangi na mwanga, halafu shoti zenyewe zichore kwa mkono au kwa picha za simu kutoka mahali halisi (swali la 3).

23. Mashindano mengine yanataka filamu ya wima ya simu. Nitumie storibodi ile ile?

Hapana, chora upya, kwa visanduku vya 9:16. Mchanga mpana na binti mdogo havimo tena kwenye fremu ya wima. Mlango mrefu wa nakshi, mlingoti wa jahazi na mtu aliyesimama vinaingia vizuri sana. Mama na mdai waliokaa pande mbili za cherehani hawataenea, kwa hiyo mmoja awe mbele na mwingine nyuma yake. Kama unajua mapema kwamba utahitaji zote mbili, usikate ya ulalo iwe ya wima. Panga nyota zako mbili au tatu zishutiwe mara mbili, kamera ikilazwa na kamera ikisimamishwa, na uongeze mikao hiyo kwenye hesabu ya swali la 16.